Viazi vya rozmari, trei ya 7: kumbe mchawi ni friji

Trei ya 7 imetoka na vipande vyote rangi moja: dhahabu iliyokolea, ukoko unaolia ukigongwa na uma, ndani unga mkavu. Trei sita za kabla yake zilitoka na madoa ya kahawia yanayokaribia weusi, ncha chungu, na kati ya madoa hayo ngozi laini kama ya kiazi cha kuchemsha. Vilikuwa vinaungua kabla havijakauka. Tatizo lilikuwa hilo tu, na limekula kilo sita za viazi.

Vipimo havijabadilika. Viazi vya aina ya Shangi kilo 1, vilivyomenywa, vipande vya sentimita 4, maji lita 2, chumvi kijiko kimoja cha mezani, magadi robo kijiko cha chai, dakika 10 tangu maji yarudi kuchemka. Chuja, viache vitoe mvuke kwenye chujio dakika 5, rudisha sufuriani utikise mpaka kingo zichakae na wanga ujipake juu kama uji mzito. Mafuta ya alizeti mililita 60, trei iwe imeshashika moto, nyuzi 220, dakika 20 bila kugusa, geuza, kisha 20 nyingine.

Mshukiwa wa kwanza alikuwa magadi, na haki yake ashukiwe. Magadi huvunja pektini inayoshikanisha kiazi, ndiyo maana kingo huchakaa na ukoko hupatikana. Lakini pia huharakisha kubadilika rangi motoni. Trei ya 4 ilipunguziwa nusu, ya 5 haikutiwa kabisa. Madoa yakabaki palepale, ukoko ndio ukatoweka. Na ole wako uache magadi huku unachemshia maji ya kisima: visima vya kisiwa cha Mombasa vimechimbwa kwenye mawe ya matumbawe, maji yake yana chokaa, na kalisi iliyomo kwenye chokaa hukaza pektini ileile unayotaka ivunjike. Viazi vitachemka robo saa na kingo zibaki kali kama zilivyokatwa. Kama nyumbani kuna maji ya mfereji, weka ya kisima kwa kuoshea vyombo.

Mshukiwa wa pili, oveni. Hizi oveni ndogo za mezani kitufe chake ni pambo. Kipimajoto cha kuning'iniza ndani kilionyesha 190, mara 235, mara 200, kitufe kikiwa hakijaguswa kwenye 220. Kwa maoni yangu hicho kipimajoto kinafaa kununuliwa kabla ya trei yoyote ya fahari. Na trei yenyewe iwe ya chuma cheusi kizito. Zile nyembamba za alumini hujikunja zikipata moto, mafuta yote yakakimbilia pembe moja, viazi vya upande wa pili vikagandamana na chuma. Foili ndiyo kabisa usiitandike. Lakini hata moto uliposhushwa hadi 190 madoa yalikuja tu, yakichelewa, na ngozi ikawa ngumu kama ya ngoma.

Majani hayakuwa na hatia, kwa sababu yalishashughulikiwa tangu trei ya 3. Rozmari na thomu haviwezi kustahimili dakika 40 za moto huo. Pasha mafuta kwa moto mdogo na kijiko kimoja cha mezani cha majani ya rozmari na punje 4 za thomu iliyokatwakatwa. Thomu ikianza tu kugeuka rangi, kama dakika 3, chuja hapo hapo: mafuta yaende kwenye viazi, majani na thomu visubiri kwenye kibakuli hadi viazi vitoke. Mrehani au dania, ukipenda, vitiwe vibichi mwisho, pamoja na ndimu. Ndimu isitangulie, kwani asidi hukaza kiazi.

Jibu lilijileta lenyewe kwenye trei ya 6. Viazi vya friji havikutimia kilo, vikajaziliwa na vya kikapuni vilivyotoka soko la Kongowea asubuhi ileile. Trei moja, mafuta mamoja, moto mmoja: nusu ya dhahabu, nusu kama makaa.

Friji ya nyumbani iko kama nyuzi 4. Kwenye baridi hiyo kiazi hugeuza sehemu ya wanga wake kuwa sukari, na sukari hiyo ndiyo inayokolea weusi kwenye moto mkali wakati maji ya ndani bado hayajatoka. Na nani asiyeelewa kwa nini viazi vya Mombasa huishia kwenye friji? Shangi hachelewi kuchipua, na joto letu linamchochea. Vya friji vilitolewa vikakaa nje siku 10 kwa majaribio. Madoa yalipungua, hayakwisha, na macho yakawa yameshaanza kutoa machipukizi.

Kwa hiyo: nunua kilo 2 kwa mara moja, si debe. Kikapu cha ukili, pahali penye hewa na giza, gazeti juu visipigwe na mwanga vikawa kijani. Ukiwa na wasiwasi na viazi vya muuzaji, kata kipande chembamba ukikaange. Kikitoka na mabaka ya kahawia ndani ya dakika 2, hivyo ni vya rojo. Usivipoteze kwenye oveni.

Trei ya 8 ilipangwa iwe mashindano ya samli na mafuta ya nazi. Imeahirishwa. (Mafuta ya nazi ya kukamuliwa nyumbani hutoa moshi kabla ya nyuzi 200, kwa hiyo matokeo yanatabirika.) Kilichoingia kichwani ni kupalia: kama mkate wa sinia unaiva kwa makaa juu na chini, kwa nini viazi visiive? Sufuria nzito, makaa 14 juu ya mfuniko, 6 chini. Raundi ya kwanza mvuke ulinaswa, vikatoka teketeke. Ya pili, msumari wa inchi 4 ulilazwa ukingoni chini ya mfuniko ili upatikane mwanya wa mvuke kutoka. Ukoko wa juu ulishinda wa oveni waziwazi. Wa chini umebabuka. Makaa ya chini yatashushwa hadi 4.