Upepo wa Barabara ya Longido

Baiskeli niliyoshindania mwaka ule ilikuwa ya mtumba, fremu yake ya chuma, iliyofika Arusha ndani ya kontena pamoja na magodoro na majokofu, na nilipoinunua haikuwa na tairi hata moja lililofaa kugusa lami. Nilikuwa nimejiandikisha katika mbio za ridhaa zilizoandaliwa kwa pamoja na klabu kadhaa za mkoa: kuanzia Ngaramtoni, kuelekea kaskazini kwa barabara ya Namanga hadi Longido, kisha kugeuka na kurudi palepale, jumla ya kilomita takriban 130. Fedha niliyokuwa nimeiweka kando kutokana na mshahara wa duka la pembejeo haikuwa nyingi, na nilitaka kujua niitumie wapi ili niweze kwenda sambamba na watu wenye baiskeli nyepesi za kaboni ambazo bei ya moja ingetosha kununua pikipiki mbili.

Nilimpelekea swali hilo fundi wangu wa Sakina, mzee wa Kisukuma ambaye ujanani alishindana kwao Shinyanga kwa baiskeli ya Phoenix isiyo na gia, aina ileile inayobeba magunia na madumu ya maji kote nchini. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, akaipindua baiskeli yangu juu chini na kuikagua muda mrefu bila kusema neno. Nilipomtajia rimu za kaboni nilizokuwa nimeziona kwa mwenzangu mmoja, alitikisa kichwa.

"Binti yangu," alisema, "fedha yako ianze pale baiskeli inapogusa barabara, halafu ije pale mwili wako unapoigusa baiskeli. Ikibaki chochote, ndipo tutazungumza habari za uzito."

Tulianza basi na matairi. Baiskeli ilikuja na matairi ya upana wa milimita 23, ambayo kwa miaka mingi wengi wetu tuliamini kuwa ndiyo ya kasi kwa sababu ni membamba na hujazwa upepo hadi yakawa magumu kama jiwe. Mzee alipima nafasi iliyokuwapo kati ya uma na gurudumu, akaniambia kwamba ya milimita 28 yangeingia bila kugusa chuma. Lami ya barabara ile ina kokoto zilizojitokeza na viraka vingi, na tairi gumu mno juu ya lami ya namna hiyo huruka badala ya kuviringika, hivi kwamba sehemu ya nguvu ya mwendeshaji hupotea katika kutikisa baiskeli na mwili wake. Kwa uzito wangu wa kilo 58, baa 5 za upepo (baa ni kipimo cha shinikizo) zilitosha kwa tairi la milimita 28, mahali ambapo hapo awali nilikuwa nikijaza baa 8. Siku ya kwanza niliyoyajaribu nilihisi kwamba barabara imetengenezwa upya.

Liko jambo dogo kuhusu valvu ambalo ninalisisitiza kwa kila anayenunua baiskeli ya mbio kwa mara ya kwanza. Tyubu nyingi za baiskeli hizi zina valvu nyembamba yenye kichwa kinachofunguliwa kwa vidole, na pampu za mafundi wa pikipiki na vituo vya mafuta haziingii humo. Kipo kipande kidogo cha shaba ambacho hufungwa juu ya valvu hiyo ili ikubali pampu ya kawaida, na bei yake ni ndogo kuliko ya soda. Mzee alikifunga kimoja kwenye valvu yangu ya mbele na kuniambia nikiache humohumo. Katika kifuko cha chini ya kiti aliniwekea tyubu mbili, vijiti vya kutolea tairi, viraka, na noti ya shilingi elfu moja iliyokunjwa mara nne, kwa sababu tairi likichanika ubavuni tyubu mpya hutokeza kwenye ufa na kupasuka, na noti ikilazwa ndani ya tairi mahali penye ufa huizuia hadi nyumbani. Niliitumia kweli wiki chache kabla ya mbio, baada ya kukanyaga chupa iliyovunjika karibu na Kisongo, na nikafika mjini salama.

Fedha iliyofuata iliingia kwenye gia za nyuma. Mbele nilikuwa na meno 53 na 39, na nyuma sproketi, yaani gurudumu la meno, kubwa kuliko zote ilikuwa ya meno 25. Mzee alinitafutia seti ambayo kubwa yake ina meno 28, kwa kuwa meno yakiongezeka nyuma pedeli huwa nyepesi mpandoni, akabadilisha na mnyororo kwa wakati mmoja. Aliupima ule wa zamani kwa rula ya chuma mbele yangu: pini ya kwanza ikiwekwa kwenye sifuri, pini ya ishirini na nne baada yake inapaswa kuangukia inchi 12 kamili, na ikiwa imevuka kwa moja ya kumi na sita ya inchi, mnyororo umekwisha na umeanza kuyala meno. Wa kwangu ulikuwa umevuka zaidi ya hapo. Baadhi ya wenzangu waliona meno 28 kuwa ni gia za kutalii, nami sikuwahi kukubaliana nao. Mwaka 2025, nilipokuwa nikitazama mashindano ya dunia ya Kigali, ya kwanza kufanyika katika bara la Afrika, ambako wanaume walikwenda kilomita 267.5 wakipanda jumla ya mita zaidi ya 5,000, niliwaona waendeshaji bora kuliko wote duniani wakizungusha miguu kwa wepesi kwenye miinuko, na wepesi huo hauwezekani bila meno mengi nyuma.

Kiti alikirekebisha kwa njia anayoweza kuitumia yeyote nyumbani: nilikaa huku nimeshika ukuta, nikaweka kisigino juu ya pedeli iliyokuwa chini kabisa, naye akakipandisha kiti hadi goti likanyooka bila kiuno kuinama upande. Mchezaji akikanyaga kwa sehemu ya mbele ya wayo, kama inavyotakiwa, goti hubaki na mkunjo mdogo, na maumivu mengi ya magoti ambayo watu huyatafutia dawa hospitalini huishia hapo. Kuhusu uzito, tulipiga hesabu pamoja. Mimi, baiskeli na chupa mbili za maji tulikuwa karibu kilo 70, kwa hiyo kupunguza kilo nzima kungeniokolea kama sekunde 25 katika mpando wa nusu saa, na kwenye tambarare kusingeniokolea kitu cha kutajika. Kilo hiyo, kwa bei za rimu na fremu za kaboni, ingenigharimu mishahara ya miezi mingi. Nilifunga daftari.

Asubuhi ya mbio tuliondoka Ngaramtoni saa kumi na mbili na nusu, Mlima Meru ukiwa kuliani kwetu umevaa wingu, na barabara ikaanza kupanda mara moja kuelekea Oldonyo Sambu. Wenye nguvu walichomoka mapema. Nilikuwa nimeamua kutowafuata, kwa kuwa mwendeshaji anayetumia pumzi yake yote katika nusu saa ya kwanza hulipa deni hilo kabla ya saa ya tatu, nikapanda kwa meno yangu 28 huku nikiweza kusema sentensi nzima bila kutweta. Juu ya kilele tulikuwa kundi la watu kumi na wachache, na tuliteremka pamoja hadi kwenye nyika kavu, migunga pande zote mbili na Mlima Longido ukiinuka mbele. Hapo hakuna ruhusa ya kutoka nje ya lami hata kwa nusu mita, kwa kuwa miiba ya migunga imejaa ukingoni, na wawili wetu waliokwepa basi kwa kushuka kwenye vumbi walitobolewa matairi hapohapo.

Nilikula kila baada ya nusu saa bila kungoja njaa. Mwili katika juhudi ya namna ile unahitaji gramu 30 hadi 60 za wanga kwa saa, na ndizi mbivu moja ina kama gramu 25, kwa hiyo ndizi, tende na vipande vya viazi vitamu vilivyochemshwa na kutiwa chumvi vilinitosha kabisa. Ninawaheshimu wanaonunua vifuko vya ulaya vya utomvu wa sukari, lakini mfuko wa mgongoni uliojaa chakula cha soko la Kilombero hufanya kazi ileile.

Tulipogeuka Longido jua lilikuwa limepanda, na upepo wa mashariki, ambao asubuhi ulikuwa pumzi tu, ulikuwa umekuwa mkali. Hapa ndipo mbio zilipoanza kwa kweli, na hapa ndipo nilipoona kwa macho yangu mambo ambayo mzee alikuwa amenichorea kwa chaki kwenye sakafu ya karakana. Katika mwendo wa kilomita 35 au 40 kwa saa, sehemu kubwa kabisa ya nguvu ya mwendeshaji hutumika kuisukuma hewa, na anayekaa karibu nyuma ya mwenziwe huokoa robo ya nguvu hiyo au zaidi. Lakini upepo ukitoka ubavuni, kivuli chake, yaani mahali anapokukinga, hakiko nyuma moja kwa moja. Kipo nyuma na pembeni, upande ule upepo unakoelekea. Sisi tulikuwa tunaelekea kusini, upepo ukitupiga kutoka kushoto, kwa hiyo kivuli kilikuwa kulia, kuelekea mstari wa katikati ya barabara, na waandaaji walikuwa wametangaza kwamba atakayeuvuka mstari huo ataondolewa, jambo la haki kabisa kwa barabara yenye malori yanayokwenda Namanga.

Kaka mmoja, dereva wa watalii aliyekuwa amezoea mambo haya, alisogea ukingo wa kushoto na kupaza sauti, "Jamani, pangeni mshazari! Dada, njoo hapa kulia kwangu, usibaki nyuma!" Nilikwenda bila kusita. Katika upana wa njia yetu waliweza kuenea watu sita tu, kila mmoja gurudumu lake la mbele likiwa karibu na kiuno cha baiskeli ya mwenziwe, upande wa kulia. Waliobaki walijipanga mstari mmoja nyuma ya mtu wa sita, juu kabisa ya mstari wa katikati, wakipigwa na upepo mzima, na mmoja baada ya mwingine waliachwa, wakiwamo watu wawili wenye nguvu kuliko mimi. Mmoja wao ndiye aliyekuwa na zile rimu za kaboni zenye ukuta mrefu, ambazo kwenye upepo wa mbele humsaidia mtu, lakini upepo wa ubavuni ulizikamata kama tanga, akawa anapigana na usukani badala ya kukanyaga.

Kupokezana katika mshazari kuna taratibu zake. Anayefika mbele hakai zaidi ya sekunde kumi na tano au ishirini, wala haongezi kasi kwa furaha ya kufika mbele, kwa sababu akiruka, mshazari wote unakatika nyuma yake. Zamu yake ikiisha, anasogea upande unakotoka upepo, kwetu kushoto, analegeza miguu na kuwaacha wenzake wampite kuliani kwake, naye anawakinga anaporudi nyuma. Mahali pagumu ni mwisho wa kurudi huko. Mtu wa mwisho anapompita, lazima awe ameshaanza kukanyaga tena kabla nafasi haijafunguka, aingie nyuma ya gurudumu lile mara moja; akingoja hadi aone gurudumu limekwisha kupita, pengo la mita mbili katika upepo ule linatosha kummaliza. Nilikuwa nikihesabu wenzangu wanaponipita, wa nne, wa tano, na kwa wa tano tayari nguvu yangu ilikuwa kwenye pedeli. Watu sita tuliokuwa tofauti sana kwa nguvu na kwa baiskeli tulikwenda hivyo hadi chini ya mpando wa Oldonyo Sambu, tukiwapita watu kadhaa wa kundi la kwanza waliokuwa kila mmoja peke yake.

Mpandoni kasi hushuka, hewa huacha kuwa adui mkuu, na mshazari ukavunjika wenyewe. Wanaume wawili wazito walikuwa wakisimama juu ya pedeli ili kusukuma meno 25, miguu yao ikizunguka polepole sana, na mimi niliendelea kukaa kitini na kupanda kwa mwendo wangu. Nilifika Ngaramtoni nikiwa wa pili kati ya wanawake, nyuma ya dada aliyekuwa na nguvu kuliko mimi kila mahali, na mbele ya wengi ambao asubuhi sikutarajia kuwaona tena.

Mwenye rimu za kaboni alikuja kunisalimia nikiwa bado nimeshika chupa, akataka kujua nilikuwa na meno mangapi nyuma na nilijazaje matairi. Nilimjibu yote mawili, kisha nikamweleza juu ya mshazari, kwamba nguvu zake zingemtosha kubaki nasi kama angekuwa miongoni mwa sita wa kwanza wakati kundi linageuka Longido. Alisema hakuna aliyewahi kumfundisha. Kaka dereva alisikia, akasema basi tufundishane, na Jumapili iliyofuata tulikutana alfajiri kwenye barabara ya Kisongo, ambako tulizunguka kwa zamu mbele na nyuma hadi saa mbili, yeye akiwa mtu wa mwisho na kutukemea kila pengo lilipozidi urefu wa gurudumu moja.