Meza ya chini ya mwembe: kumbukumbu ya mradi, Septemba hadi Desemba

Septemba, Jumamosi ya pili

Nimechoka kusahihisha madaftari juu ya ndoo iliyopinduliwa. Uani kwetu hapa Mikindani, Mtwara, kuna mwembe wenye kivuli cha kutosha ukoo mzima, na ndani ya nyumba ya bati ikishafika saa saba mchana hapakaliki. Nataka meza ndogo ya nje, ya kudumu, siyo ya kuingizwa ndani kila wingu likipita.

Nimemshirikisha rafiki yangu. Hapa nitamwita Kalafati, kwa kuwa ndivyo mtaa unavyomwita: baba yake ni fundi wa mashua, naye alianza kushindilia pamba kwenye maungio ya mbao za vyombo kabla hajajua kusoma. Mimi ni mwalimu wa hesabu wa shule ya msingi. Mradi basi una mtu anayejua mbao na mtu anayejua namba, na kila mmoja anadhani kazi ya mwenzake ni nyepesi.

Vipimo tulivyokubaliana: uso sentimita 100 kwa 72, fremu ya chini yake 80 kwa 60, kimo 70.

Jumamosi iliyofuata: mbao

Moyo wangu ulikuwa kwenye mkongo. Kusini ndiko kwao mkongo, mninga na mpangapanga, na milango ya zamani hapa Mikindani inakuonyesha mbao ngumu inaweza kukaa na hewa ya chumvi miaka mingapi. Kalafati alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Ticha, mkongo utakula msumeno wako, halafu utakula mshahara wako." Tukanunua paina iliyokuja kwa lori kutoka Mafinga: inchi mbili kwa nne kwa ajili ya miguu na fremu, inchi moja kwa nane kwa ajili ya uso.

Alinifundisha kupiga jicho. Unainua ncha moja ya ubao, unafumba jicho moja, unatazama ukingo wake kama anayelenga bunduki. Uliopinda unajionyesha papo hapo. Kati ya mbao kumi na moja alizozitoa, alirudisha saba. Muuzaji hakufurahi.

Septemba mwishoni: fremu, na aibu yangu

Tumekata, tumepiga randa ya mkono (mabega yananiuma hadi leo ninapoandika), tumeunga fremu. Kwenye miguu hatukutegemea skrubu tupu. Kalafati alichonga tundu kwa patasi kwenye kila mguu, akachonga ulimi kwenye ncha ya ubao wa fremu, ukaingia kwa kugongwa kidogo na nyundo. Ulimi wa kwanza niliuchonga mimi, ukawa unacheza kama jino bovu. Tatu zilizofuata zilikuwa nzuri zaidi. Nne zilizobaki alichonga yeye.

Jiriwa ndefu ya kubana fremu wakati gundi inakauka hatukuwa nayo. Alizungusha kamba ya usumba kuizunguka fremu yote mara mbili, akapenyeza kijiti katikati ya nyuzi mbili akakisokota, kamba ikajikaza mpaka gundi ikatoka kwenye maungio. Kijiti akakifunga kisirudi nyuma. Gharama yake sifuri.

Sasa aibu. Nilipima pande zote nne, zikawa sahihi kwa milimita. Nikatangaza kwamba fremu iko sawa. Kalafati akachukua uzi, akaunyoosha kutoka pembe hadi pembe, akafunga fundo, akauhamishia kwenye ulalo wa pili. Fundo likapita pembe. Ulalo mmoja ulikuwa sentimita 101, wa pili 99. Pande zikiwa sahihi bado umbo linaweza kulala upande kama kiberiti kilichokanyagwa, na jambo hilo nimelifundisha darasani mara nyingi tu! Mbaya zaidi, vipimo nilivichagua mwenyewe: 60 na 80, yaani tatu na nne za Pythagoras, zinazozaa tano, kwa hiyo ulalo ulipaswa kuwa 100 kamili. Bahati nzuri gundi ilikuwa bado mbichi. Tulisukuma pembe iliyochomoza mpaka uzi ukasoma sawa pande zote, tukakaza kijiti upya.

Tangu siku hiyo akinikuta dukani ananiuliza, "Ticha, mia yako imefika?"

Oktoba, wiki ya kwanza: uso

Hapa ndipo tulipokosea, na tulikosea kwa kukubaliana, jambo ambalo ni nadra kwetu.

Mimi nilitaka uso usio na nafasi, laini, daftari likikaa lisiyumbe. Yeye kazi yake yote ya utotoni ilikuwa kuziba nafasi. Basi mbao nne, kila moja sentimita 18, tulizibana ubavu kwa ubavu hata wembe usingepita, tukazipiga skrubu kwenye kingo zote mbili. Alitaka hata kushindilia pamba yenye mafuta kwenye maungio. Nikamwambia hii haiendi baharini.

Skrubu ni za kupakwa zinki. Za kawaida kwa hewa ya hapa zinaanza kulia machozi ya kutu kabla ya mwezi, na doa lake kwenye paina halitoki.

Meza ilipendeza. Picha nilizopiga siku hiyo ninazo, lakini siziweki.

Oktoba na Novemba: hakuna kazi

Msimu wa korosho. Kalafati yuko Newala shambani kwa mama yake, anaokota. Meza iko chini ya mwembe, haijapakwa kitu chochote, kwa kuwa tulisema tutapaka akirudi. Nimesahihishia mitihani juu yake. Kimo cha 70 kinanifaa.

Novemba mwishoni: mvua

Ilinyesha usiku, ikanyesha siku mbili zaidi. Siku ya tatu asubuhi nilikuta mbao mbili za katikati zimeinuka kama paa la kibanda. Skrubu tano zimeng'oka na nyama ya mbao. Ubao wa pembeni umepasuka kutoka kwenye skrubu hadi kichwani, urefu wa kiganja.

Nikapima, maana ndicho ninachoweza. Kila ubao ulikuwa umefura milimita 3 na ushee. Mara nne, ni zaidi ya sentimita moja ya mbao isiyo na pa kwenda. Pembeni imebanwa na skrubu, ubavuni imebanwa na mwenzake, ikabaki njia moja tu: juu. Kwa urefu hakuna kilichobadilika, mita moja ilikuwa bado mita moja. Mbao hufura na kusinyaa kwa upana wa nyuzi zake, kwa urefu karibu hakuna kitu.

Kalafati aliporudi tulimwita mzee wake aje atazame. Tulimwamkia, akaitikia huku macho yakiwa kwenye meza. Akaizunguka, akapitisha kidole kwenye tuta.

"Wanangu," akasema, "mmeunda mashua, halafu mkaianika."

Akaeleza, na maelezo yake sijayaona kwenye video yoyote. Chombo kikiwa majini mbao zake zimelowa muda wote. Zinafura, zinasukumana, na kusukumana huko pamoja na pamba ndiko kunakozuia maji. Kikipandishwa pwani kikakaa juani wiki kadhaa, maungio yanaachia, na ukikishusha tena kinavuja mpaka mbao zinywe. Meza ya nje hailowi muda wote wala haikauki muda wote. Leo inakunywa, kesho inasinyaa. Ukiibana kama chombo itapigana na wewe. Mashua unaifungia maji nje, meza unayaachia maji yapite.

Alikataa chai, akaondoka. Kalafati akakaa kimya kwa muda, jambo jingine nadra.

Desemba, wiki ya kwanza: uso wa pili

Tumeng'oa mbao zote. Ule uliopasuka tumebadilisha. Kila ubao tumeupasua katikati kwa urefu, tukapata vipande vinane vyembamba, kila kimoja sentimita 8.8 baada ya msumeno kula sehemu yake. Kati ya kipande na kipande tuliweka misumari ya inchi 5 kama kipimo cha pengo, tukapiga skrubu, tukachomoa misumari: mapengo saba ya kama milimita 5. Uso sasa una upana wa sentimita 74 badala ya 72. Sijali.

Safari hii tulitoboa tundu kwanza kwa keekee ya mzee, kubwa kuliko shina la skrubu kwenye kipande cha juu, dogo kwenye fremu. Kipande kinaweza kupumua kidogo bila kujipasua. Kingo za juu tulizivunja makali kwa msasa ili maji yasitulie hapo.

Desemba: mafuta, na paka

Kichwa cha mbao, yaani pale ulipokatwa, ndicho kinachokunywa maji kuliko sehemu nyingine yoyote, na miguu minne imesimama juu ya vichwa vyake. Nilileta vanishi. Kalafati alileta chupa ya sifa, mafuta ya papa wanayopaka vyombo, akalowesha chini ya miguu kwa ukarimu mkubwa.

Usiku wa kwanza walikuja paka watatu. Usiku wa pili niliacha kuhesabu. Mke wangu aliuliza kwa upole kama meza hiyo ni ya kulia chakula au ya kuvulia. Harufu imepungua baada ya siku tisa, haijaisha. Ila maji yakidondoka kwenye miguu yanateleza kama kwenye jani la mgomba, lazima niseme kweli. Sehemu nyingine zote nimepaka vanishi mikono mitatu, hasa chini ya uso, ambako watu hupasahau kwa kuwa hapaonekani.

Kila mguu umekaa juu ya kipande cha jiwe la matumbawe, mbali na udongo na mchwa. Mguu mmoja ulikuwa unacheza. Nilitaka kukata mitatu mingine, Kalafati akaninyang'anya msumeno na kuchimba mchanga chini ya jiwe moja.

Desemba, Jumapili ya tatu

Imenyesha jana mchana kutwa. Asubuhi uso ulikuwa mkavu, chini yake mistari saba iliyonyooka kwenye mchanga. Mapengo yamepungua kidogo, msumari wa inchi 5 hauingii tena, wa inchi 4 unaingia. Hakuna kilichoinuka.

Muuza kahawa alipita jioni tukamsimamisha. Nilipoweka sarafu ya mia mbili mezani ilisimama kwa ukingo, ikabingirika, ikapotelea kwenye pengo la tatu. Kalafati akapiga magoti akaanza kupapasa mchangani.

"Ticha," sauti ilitoka chini ya meza, "chombo chako kinavuja."