Dada wa kambi na ubao wa vizibo

Ushauri ninaouchukia kuliko wote kwa msaidizi wa kambi ya watoto ni huu: "Wewe wachangamshe tu." Nani kakwambia hawajachangamka? Watoto 14 wa miaka sita hadi tisa, likizo ya Desemba, Dar es Salaam, wameshushia uji wenye sukari saa nne asubuhi! Wanachohitaji ni mtu anayejua kila mmoja yuko wapi. Hilo nikilipatia, walimu hunisamehe hata sauti yangu ya kuimbishia.

Wengi huwahesabu kwa kuwaitisha namba: moja, mbili, tatu. Njia hiyo inadanganya. Kuna atakayemwitikia rafiki yake aliyeko bombani, na kuna atakayejibu mara mbili kwa raha zake. Mimi natumia vizibo vya soda.

Muuza soda atakupa bure. Gonga kila kizibo kwa nyundo juu ya jiwe mpaka meno ya pembeni yalale kabisa, la sivyo kitamchana mtu kidole. Toboa kwa msumari karibu na ukingo, kigeuze, kisha gonga tena pale ncha ilipotokezea. Namba iandike kwa rangi ya kucha, maana makapeni inafutika kwa jasho la mikono. Halafu pata kipande cha ubao, kisimamishe mahali pa kivuli, upigilie misumari kwa mistari miwili. Juu UWANJANI, misumari 14. Chini CHOONI, misumari miwili tu. Gharama yote ni kama elfu mbili tatu, nyundo ya kuazima.

Hiyo misumari miwili ndiyo ujanja wenyewe. Mtoto anayekwenda chooni anahamisha kizibo chake chini. Akikuta misumari yote imejaa, anasubiri. Hakuna tena msafara wa watoto sita "wanaobanwa" kwa pamoja kila mnapoanza wimbo. Anayeumwa tumbo hasubiri kizibo, huyo anakwenda moja kwa moja na mwalimu anajulishwa.

Mfumo unaharibikia wakati wa kurudi: watoto wanasahau kupandisha vizibo, na wewe unamtafuta mtu aliyesimama nyuma yako. Ndiyo maana ubao unahitaji mlinzi. Yule anayelia asubuhi kwa kumng'ang'ania mama yake getini, mpe kazi hiyo. Machozi yanakauka upesi sana mtu akishapewa madaraka ya kuwafokea wenzake kuhusu vizibo. Kesho yake mpe mwingine, la sivyo utapata dikteta. Na usivifunge shingoni hata kama vinapendeza, kwa sababu mtoto anapanda mwembe na kamba inanasa kwenye tawi. Kabla ya kula na baada ya kila mchezo, bado uguse bega la kila mtoto ukihesabu.

Chooni wapeleke wawili, wewe usimame nje mahali ambapo mtu mzima anakuona. Usiingie na mtoto peke yenu. Akihitaji kusafishwa, muite mama anayehusika.

Rede nayo, ule mchezo wa kukwepa mpira unaorushwa huku ukijaza mchanga kwenye chupa, ina ugomvi wake. Warushaji wawili, mmoja kati, 11 wanasubiri, na wanaosubiri ndio wanaopigana. Gawa viwanja viwili: kila kimoja warushaji wawili na watano kati kwa wakati mmoja. Umbali hatua nane zinatosha kwa wadogo. Mpira uwe wa soksi na matambara, usikazwe sana, na chupa ya kujazia mchanga iwe ya plastiki. Saa sita ikigonga, rede imekwisha. Jua la saa hiyo si la kukimbizana. Wakae chini ya mti wacheze mdako, wanywe maji. Usimuulize mtoto kama ana kiu, atakataa asipoteze zamu. Mpe kikombe, simama anywe.

Ushauri mwingine mbovu, huu kutoka kwa watu wazima kabisa: mtoto akitoka damu puani, mwinue kichwa nyuma. Hapana! Damu itateremka kooni, ataimeza na anaweza kutapika. Mkalishe, ainame mbele kidogo, apumue kwa mdomo, abane sehemu laini ya pua dakika 10 bila kuachia kuchungulia. Mwalimu aitwe wakati huo huo. Isipokoma baada ya kubana tena, ni hospitali. Dawa yoyote, hata ya kichwa, si kazi yako. Na kabla ya uji wa lishe kugawiwa, ulizeni wazazi nani anadhurika na karanga, kwani mara nyingi zimo kwenye unga wake.

Saa tisa akija mjomba na bodaboda ambaye jina lake halimo daftarini, mwamkie vizuri, "Shikamoo mjomba, naomba usubiri kidogo," kisha mpeleke kwa mwalimu. Mtoto abaki na wewe mpaka mzazi apigiwe simu, hata kama anamrukia kwa furaha. Mjomba akinuna, mwache anune.

Rangi ya kucha ikibaki, weka namba ile ile chini ya ndala za kila mtoto. Ndala za bluu jozi saba mlangoni zote zinafanana, na kila mmoja anaapa kwamba zake ni zile zisizokatika.