Si mbatata, ni boga

Daktari kaniambia sukari yangu imekaa mpakani, nipunguze mbatata. Mzanzibari umwambie apunguze mbatata! Urojo ale na nini?

Hapa Oslo, dukani, pembeni ya karoti, huwa kuna dude la duara, juu zambarau, chini manjano, zito kama jiwe la kusagia. Wenyewe wanaliita kålrot. Miaka sita nalipita tu. Jirani yangu, bibi mmoja mtu mzima, ndiye aliyeniambia kwao lina jina la heshima, chungwa la Kaskazini, kwa sababu ya vitamini C yake. Baridi yote linakaa ghalani wala haliozi. Nikatazama na kalori: gramu 100 zina kama 37, mbatata kama 77. Nikasema basi, dawa nimeipata.

Ramadhani ikaingia, nikalifanyia katlesi. Nikachemsha, nikaponda, nikatia thomu, pilipili na ndimu, nikafinyanga, nikachovya kwenye yai. Kuzitia kwenye mafuta tu, zikafumuka zote. Karai likawa kama uji unaochemka, na adhana hiyo inakaribia. Siku ile tulifuturu tende na mkate.

Nikampigia mama, nikamwonyesha kipande kwenye kamera. Hata hakufikiri.

"Mwanangu, hilo boga hilo. Lipike la nazi."

Kumbe! Lina maji mengi na wanga kidogo, litashikana vipi? Sasa nalimenya ganda nene, maana chini ya ganda ndipo penye ukakasi. Nalikata vipande vidogo (kisu kiwe kizito, na vidole viangalie), nachemsha, maji ya kwanza namwaga. Ni ukoo wa kabichi huu, ukiyaacha nyumba nzima inanuka. Halafu kitunguu, bizari, pilipili mbichi nzima isipasuke, na tui jepesi. Najua tui nalo lina mafuta yake, kwa hiyo kopo moja nalizimua kwa maji, napikia mara mbili. Ndimu mwisho kabisa, chungu kishaepuliwa. Vipande vinabaki vizima, vinang'aa manjano, na vina utamu kidogo ambao mbatata haina. Kwa samaki wa kukaanga, nakwambia, wali hauna kazi.

Jana nimenunua jengine, kilo moja na nusu. Katlesi bado nazipika za mbatata. Mbili tu, na daktari hasomi Kiswahili.