Dozi ya Panya Mwenye Gramu 400

Mwezi wa Juni hapa Mafinga sakitu hutanda juu ya majani alfajiri, na ni katika majira hayo ndipo nilipoanza kumsikia panya wangu mweupe akikoroma kifuani, sauti yake ikiwa kama ya karatasi kavu zinazosuguana. Puani na kando ya macho alikuwa na uchafu mwekundu ambao niliudhania damu. Daktari wa mifugo alinitoa hofu: ni ute wenye rangi utokao kwenye tezi iliyo nyuma ya jicho la panya, nao huzidi anapougua.

Jirani yangu, kwa nia njema kabisa, alinishauri nimpe amoksilini iliyobaki nyumbani. Sikumpa. Ugonjwa wa mapafu unaowasumbua panya wengi wa kufugwa huletwa na bakteria aitwaye Mycoplasma pulmonis, ambaye hana ukuta wa seli. Na kwa kuwa amoksilini huua kwa kuvuruga ujenzi wa ukuta huo, kwake haina cha kuvuruga. Tena dawa hiyohiyo ikipewa simbilisi, ambao nyumba nyingi za huku Nyanda za Juu Kusini huwafuga, huangamiza bakteria wema wa utumbo na inaweza kumwua mnyama mwenyewe.

Daktari aliandika doksisaiklini, miligramu 5 kwa kila kilo ya uzito, mara 2 kwa siku, kwa wiki 3. Panya wangu ana gramu 400, kwa hiyo dozi yake ni miligramu 2 tu, ilhali kapsuli niliyonunua ina 100. Niliifungua juu ya kikombe safi, nikaukoroga unga wake katika mililita 25 za maji yaliyochemshwa na kupoa, kila mililita ikabeba miligramu 4, na nusu mililita ikawa dozi kamili. Hesabu hiyo niliiandika na kumsomea daktari kwa simu kabla sijampa mgonjwa chochote, kwa sababu nukta ikikaa mahali pasipo pake dawa huwa mara 10, na panya hawezi kutapika. Kila siku nilitengeneza mpya, nikiikoroga tena kabla ya kuvuta kwa kuwa unga hutuama chini.

Dawa hii ni chungu mno. Mama alipendekeza maziwa, lakini kalsiamu ya maziwa huing'ang'ania doksisaiklini isiingie mwilini, basi nikapaka asali kidogo kwenye ncha ya bomba lililotolewa sindano. Nilimviringisha kwenye kipande cha kitenge, nikaipitisha ncha pembeni mwa mdomo, nyuma ya meno ya mbele, nikasukuma tone kwa tone huku nikisubiri ameze, maana ukiharakisha dawa huingia katika mapafu yaleyale yanayoumwa. Siku ya 4 alilishika bomba mwenyewe kwa vidole vyake vidogo, akailamba asali.

Kinachoniuma hadi leo ni maranda. Tumezungukwa na misindano, nami nilimtandikia maranda mabichi kutoka kiwanda cha mbao, nikiipenda harufu yake, bila kujua kwamba mvuke huohuo hukereketa njia ya hewa ya panya, na kwamba amonia ya mkojo uliolowana humo humzidishia ugonjwa. Sasa natandika karatasi zilizochanwa na kuzibadilisha kila baada ya siku 2. Mkoromo umepungua ingawa bakteria huyu haondoki kabisa mwilini, hivyo kila Jumapili ninampima kwenye mizani, kisha ninamweka sikioni na kusikiliza kifua chake.