Siku moja maishani mwangu: fundi wa chensoo kuukuu

Watu wengi wakisikia fundi wa chensoo, wanadhani kazi yangu ni kunoa cheni na kubadilisha plagi. Wengine wanaamini kabisa kwamba mashine ikishapita miaka 30 ni chuma chakavu, na anayehangaika nayo amekosa kazi. Mimi kazi ninayo, na inanichosha. Hii hapa siku yangu moja, mjionee wenyewe kwa nini mara nyingi fundi anakwambia "leo haitawaka" huku wewe unataka kuondoka nayo.

Saa 1 asubuhi

Kabla sijagusa kingine, naenda kwenye ile iliyoshikana. Ni chensoo nzito ya miaka ya 1970. Mwenyewe aliikuta kwenye stoo ya marehemu baba yake, kutu imeikamata pistoni ndani ya silinda. Kila asubuhi na kila jioni naimiminia mchanganyiko wa dizeli na oili kupitia tundu la plagi, kisha naiacha. Mwenye haraka angefunga bomba refu kwenye spana akazungusha kwa nguvu zake zote. Hapo ringi inakatika na kuikwangua silinda, au fimbo ya pistoni inapinda, na silinda za mashine hii hazitengenezwi tena.

Leo naweka spana kwenye nati ya flaiwili, lile gurudumu zito la pembeni mwa injini, nasukuma taratibu, inasogea. Upana wa ukucha tu. Nairudisha nilikoitoa, namimina tena, naiacha inywe. Asubuhi yangu imeshakuwa njema.

Saa 2

Chujio la hewa lililoziba, na kamba ya stata iliyokatika. Zote mbili zimekwisha kabla jua halijapanda.

Saa 2 na nusu

Mashine isiyotoa moto. Mwenyewe ameshanunua koili mpya, inayotengeneza umeme wa cheche, na plagi mpya, bado iko kimya. Chensoo nyingi za zamani hazina moto wa kielektroniki. Zina platini chini ya flaiwili, vipande viwili vya chuma vinavyogusana na kuachana kila mzunguko, na moto unazaliwa pale vinapoachana. Mashine ikikaa muda mrefu, platini inaota utando mwembamba usiouona kwa jicho, na umeme haupiti. Hapo ungebadilisha koili kumi na usipate kitu.

Nachukua msasa laini kabisa, naupitisha katikati ya vile vipande mara chache. Kisha napitisha karatasi safi iliyolowa spiriti, na hatua hii wengi wanairuka: vumbi la msasa lenyewe linazuia umeme sawasawa na ule utando. Napima nafasi, milimita 0.4. Plagi naiwekea 0.5. Navuta kamba, cheche ya buluu inaruka. Koili yake ya zamani namrudishia ikiwa nzima.

Saa 4

Hapa ndipo siku ilipokwenda.

Anaingia kaka mmoja, bosi wa wapasua mbao, simu sikioni. Anaitua Stihl 070 mezani. Mashine hii wanaijua wote wanaopasua magogo makubwa: sentimita za ujazo 106, zaidi ya kilo 10 kabla hujafunga baa, lile bamba refu linalobeba cheni, na cheni yenyewe. Juu yake anatupa pakiti.

"Fundi, niwekee pistoni tu. Pistoni hiyo hapo, ringi hizo hapo. Watu wananisubiri msituni."

"Karibu, kaka. Hii iliyomo ndani ina muda gani?"

"Nayo ilikuwa mpya. Imefanya wiki tatu."

"Na ya kabla yake?"

"Nayo iliungua. Fundi mwingine akabadilisha. Wewe weka tu."

Sikuweka. Nilifungua eksozi kwanza, maana ukifungua eksozi unaiona pistoni kupitia tundu la moshi bila kubomoa kitu. Nikamwita atazame. Upande wa eksozi pistoni ilikuwa na michirizi mirefu ya kijivu kutoka juu hadi chini, ringi zimefutikwa kwenye mifereji yake na alumini iliyoyeyuka. Upande wa pili ulikuwa msafi bado.

"Si nimekwambia ni pistoni?"

"Pistoni ndiyo iliyokufa, kaka. Mimi natafuta kilichoiua."

Hakulipenda neno hilo. Akasema sababu anaijua, oili ilikuwa kidogo, na kuanzia sasa atamimina mara mbili. Nikaacha kazi nikamweleza, kwa sababu imani hii imeua mashine nyingi. Injini ya mipigo miwili inalainishwa na oili iliyomo ndani ya petroli, kweli. Lakini kabureta inapitisha kiasi kilekile cha mchanganyiko. Ukizidisha oili, umepunguza petroli, hewa inakuwa nyingi kuliko mafuta, na moto unazidi kuwa mkali. Unaongeza moshi na masizi, na ugonjwa uko palepale. Akanisikiliza hadi katikati, simu ikaita, akapokea.

Nikaanza kupima. Unatoa kabureta na eksozi, unaziba matundu yote kwa mpira na vibati, kimoja kina mrija wa pampu ya mkono. Kwanza nasukuma hewa ndani hadi nusu ya baa moja (baa hapa ni kipimo cha mgandamizo wa hewa), naangalia sindano ya geji. Ikatulia. Nikapaka maji ya sabuni kila kiungo, hakuna povu.

"Umeona? Haivuji. Weka pistoni."

Wakati huo amesimama kati yangu na dirisha, nafanya kazi kwenye kivuli chake. Nikamwomba asogee. Akasogea hadi meza ya pili, akaokota bisibisi, akaanza kugeuza skrubu za kabureta ya mashine ya mtu mwingine niliyokwisha kuipanga. Nikaweka pampu chini. Nikamwomba bisibisi yangu, nikairudisha ile kabureta nilivyokuwa nimeipanga, nikamwonyesha kiti. Nilijizuia sana kwa maneno.

Sasa kipimo cha pili, ambacho ndicho chenye kesi. Nageuza pampu, badala ya kusukuma hewa nainyonya. Kuna sili mbili za mpira zinazoshika shafti, moja upande wa flaiwili, moja upande wa klachi. Ukisukuma hewa kutoka ndani, mdomo wa sili unagandamizwa kwenye shafti na kuziba vizuri hata kama umechakaa. Ukinyonya, mdomo unalegea. Na injini ikiwa inafanya kazi, kila pistoni inapopanda inanyonya. Sili mbovu inaingiza hewa tupu isiyo na petroli wala oili, pistoni inapata moto kupita kiasi, utando wa oili unakatika, chuma kinasuguana na chuma.

Nikanyonya hadi nusu baa. Nikageuza shafti kidogo. Sindano ikaanza kurudi.

Nikamwita. Nikaondoa flaiwili, nikadondosha oili kuizunguka sili. Tone likakaa, likatetemeka, likazama ndani mbele ya macho yake. Sindano ikasimama kidogo, kisha ikaendelea kurudi. Nikadondosha jingine, nalo likamezwa.

Akakaa kimya. Kisha akauliza, "Kwa hiyo itachukua muda gani?"

Nikamwambia jioni. Akasema basi atasubiri hapahapa.

Saa 6, na kuendelea

Sili ya zamani inatolewa kwa ndoano, kwa subira, maana ukiikwaruza shafti umejitengenezea uvujaji mpya. Shafti ya mashine iliyofanya kazi miaka mingi ina mfereji mdogo pale mdomo wa sili ulipokuwa unasugua. Ukiiweka sili mpya hadi mwisho, mdomo unaangukia mfereji uleule. Naipaka grisi, naigongea kwa bomba lenye upana wake, naiacha ikiwa imetokeza kidogo sana ili mdomo ushike chuma kizima. Ya upande wa klachi nayo nabadilisha. Nati ya klachi inafunguka kinyume, kwa kufuata saa, na kila mara napokea mashine ambayo mtu amekazana nayo upande usio wake hadi akaiharibu.

Kisha silinda. Alumini ya pistoni ilikuwa imegandia ukutani, na ukuta wa silinda hii umepakwa kromi. Natoka nje, glavu na miwani, upepo mgongoni. Nachovya pamba ya kwenye kijiti kwenye soda kostiki iliyoyeyushwa kwenye maji, nagusa zile alama tu, mbali na matundu ambako alumini iko wazi. Inachemka na kutoa povu jeusi. Nafuta, nagusa tena. Soda hii inakula alumini lakini haili kromi, kwa hiyo povu ndilo linalonipa jibu. Likikoma, nimefika kwenye kromi nzima. Lisipokoma, kromi imeshatoboka na silinda ni ya kutupa. Hapa sina ujanja wowote ila kungoja. Leo lilikoma. Nikaosha kwa maji mengi, nikapitisha ukucha kuanzia juu hadi chini, haukukwama popote.

Gasketi ya chini ya silinda sikuwa nayo. Nalaza karatasi ya gasketi juu ya kingo za chuma na kugongagonga taratibu kwa kichwa cha mviringo cha nyundo. Ukingo wenyewe unaikata karatasi, umbo linatoka kamili na matundu yake. Kazi hii naipenda kuliko zote, na siku yoyote nyingine ningeifanya polepole.

"Bado?"

"Bado, kaka."

Nikatumbukiza ringi yake mpya ndani ya silinda, nikainyoosha kwa kuisukuma na pistoni, nikapima pengo la ncha zake. Silinda yenye kipenyo cha milimita 58 inataka kama robo milimita. Ringi ikiwa haina pengo, ikipata moto inatanuka, ncha zinagongana, inavunjika. Zilikuwa sawa. Spea yake ilikuwa nzuri tangu mwanzo, na sikusema vinginevyo.

Mchana, saa sikuiangalia

Mgongo umeanza. Vidole vina harufu ya petroli ambayo sabuni haiiondoi, na kiganja cha kulia hakikunji vizuri. Nyingi ya chensoo hizi za zamani hazina mipira ya kupunguza mtetemo kama za sasa, wala breki ya cheni. Anayezishika kila siku mikono inajua.

Akaja mama mmoja na cheni. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akasema mashine yake inakata kwa kupinda na inatoa unga. Cheni kali inatoa maranda, vipande unavyoweza kuvishika. Ikitoa unga, imekufa makali. Na ikipinda, meno ya upande mmoja ni mafupi kuliko ya upande wa pili, kwa sababu mnoaji ana mkono mmoja wenye nguvu zaidi. Nikatafuta jino fupi kuliko yote, nikayashusha mengine yalifuate, tupa ya mviringo, nyuzi 30, nikisukuma kwenda mbele tu. Kisha nikapunguza vile vijino vifupi vya mbele vinavyoamua jino lizame kiasi gani.

Umbo la jino hili lilitoka kwa mdudu. Mwaka 1946 mkata miti mmoja wa Oregon, Marekani, Joseph Cox, alimtazama funza wa mbawakawa akila gogo, taya zake zikikata kushoto na kulia, akatengeneza cheni inayokata vilevile. Nilimsimulia yule mama nikiwa nanoa. Yeye alifurahi. Kaka wa 070 aliuliza kama mashine yake inaendelea.

Jioni

Nilifunga, nikarudia kipimo cha kusukuma na cha kunyonya. Sindano haikusogea. Nikajaza tangi, nikavuta kamba, mvuto wa tatu ikawaka. Sauti ya 070 inapigwa kifuani, hata ukiwa umeziba masikio.

Ikapata moto, nikaanza kuipanga kwa kusikiliza. Ukivuta akseleta mpaka mwisho bila kukata mti, injini iliyopangwa vizuri inatoa sauti nzito yenye kukwamakwama. Maana yake inapata petroli ya kutosha na kidogo ya ziada. Ukiizamisha kwenye gogo, sauti inasafika na kunyooka. Akaja karibu, akapiga kelele, "Ongeza, fundi! Hailii!"

Ile sauti kali ya juu wanayoipenda wengi ni ya injini yenye njaa ya mafuta. Sikuongeza. Nikaizamisha kwenye gogo la majaribio, mkwamo ukaondoka, maranda yakaruka mpaka mlangoni. Nikaitoa, mkwamo ukarudi. Nikarudia akiwa anatazama. Nikamkabidhi bisibisi yeye mwenyewe, nikamwambia, ukigeuza skrubu hii, pistoni ya nne utaileta wewe.

Akairudisha mezani.

Nikampa chupa niliyoichora mstari: mililita 40 za oili kwa kila lita ya petroli, yaani moja kwa 25, kama mashine za enzi hizo zilivyoandikiwa. Nikamwambia matangi ya kwanza asiisukume kwenye magogo makubwa, ringi zikae kwanza. Akalipa, akaifunga nyuma ya pikipiki. Kisha akarudi ndani kuniomba ile sili ya zamani, anataka kumpelekea yule fundi wa kwanza aione. Nikaifuta, nikampa. Nikamwambia amweleze pia kuhusu kunyonya, maana mafundi wengi tunapima kwa kusukuma peke yake, na kwa kusukuma sili hiyo inaonekana nzima.