Siku moja maishani mwangu: "Dokta, niandikie tu kwamba ni chizi"

Saa 11 alfajiri nimeamka, saa 12 na robo nimebanwa kwenye daladala kutoka Gongo la Mboto. Saa 2 hadi saa 4 ni wagonjwa wa kliniki, dawa na tarehe za kurudi.

Saa 4 na nusu inaanza kazi ambayo wengi hawaielewi. Mimi ni daktari wa afya ya akili, na mahakama huniletea wazazi wanaogombea mtoto. Mtaani "apelekwe Mirembe", yaani hospitali ya wagonjwa wa akili iliyoko Dodoma, ni tusi, kwa hiyo anayeletwa kupimwa huingia akijiona ameshahukumiwa.

Leo ni mama wa mtoto wa miaka 5 (nimebadilisha mambo kadhaa, wasitambulike). Alichanganyikiwa wiki ya pili baada ya kujifungua, akalazwa, akapona. Alifungua fundo la khanga akatoa kadi ya kliniki ya mtoto. Chanjo zote zimegongwa mihuri, nukta za uzito zinapanda, ila mwezi wa kwanza pako wazi. "Hapo nilikuwa wodini." Nikamuuliza, dalili zikirudi je? "Nikikosa usingizi siku mbili namwita dada, tunakuja hospitali." Mtu anayeujua ugonjwa wake hivyo ananipa moyo.

Baba aliingia saa 6. Nilimpangia muda wa saa moja tu, akatoka saa 8 na ushei. "Dokta, sitaki mambo mengi. Niandikie tu kwamba ni chizi." Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inachukulia kuwa mtoto wa chini ya miaka 7 ni vema akae na mama, hadi ushahidi uoneshe vingine. Basi akaling'ang'ania neno "chizi" liwe ushahidi wake. Nikamwambia kuugua si kushindwa kulea, na kwamba na yeye anapimwa. Akasimama. Akaketi. Akapokea simu mbili. Akanionesha video ya mkewe akipiga kelele, ya miaka 5 iliyopita, akairudia. Nje wagonjwa wanagonga mlango, tumbo linaniuma kwa njaa. Alipoirudia video mara ya nne nikamuuliza: mkeo alipolazwa, mtoto alikuwa na nani?

Akaiweka simu mezani. "Na mimi. Wiki tatu nilimnywesha maziwa kwa kijiko, silali. Naogopa itarudi usiku, mimi sipo."

Hilo nililiandika kwa maneno yake.

Chakula cha mchana kilipita hivyohivyo. Sasa giza limeingia, niko kwenye ripoti. Siandiki nani apewe mtoto. Hiyo ni kazi ya hakimu, ambaye pia atasoma ripoti ya afisa ustawi wa jamii. Mimi naandika kwamba mama leo hana dalili, baba hana ugonjwa wa akili, na hofu yake ina msingi. Nimependekeza waje wote wawili pamoja na yule dada, tupange usiku huo ukirudi nani atampigia nani simu.